Siku niliyoitetea goto mbele ya bosi

Chuoni goto, amri ya kuifanya programu iruke hadi mstari mwingine, tulifundishwa kwa sentensi moja: usiitumie. Mwalimu hakuongeza neno, nasi hatukuuliza, mtihani ulikuwa umekaribia. Nikaingia kazini na imani hiyohiyo, mpaka programu yangu niliyoiandika kwa lugha ya C ilipoanza kufa kila baada ya siku chache.

Ilikuwa programu ndogo tu. Kila dakika inasoma kiwango cha mafuta kwenye tenki la jenereta, inakiandika kwenye faili, kisha inakituma kwenye seva kwa mtandao wa simu. Ikifa, ukiiwasha upya inapona. Wenzangu wakashauri tuipangie kujizima na kujiwasha kila usiku. (Dawa hiyo naijua, ni kufunika moto kwa majivu.) Nikaiacha iendelee siku kadhaa, nikaingia /proc, folda ambamo mfumo wa Linux huonyesha programu zinazoendelea, nikatafuta namba yake na kufungua folda ya fd, yenye orodha ya kila ilichokifungua. Skrini ikajaa. Faili lilelile moja lilikuwa limefunguliwa zaidi ya mara 900, na kikomo cha kawaida kwenye Linux ni 1024.

Kumbe mtandao ukigoma, funksheni ilikuwa inafunga waya wa kipimo, inafunga soketi (muunganisho wa mtandao), halafu inarudi zake huku faili likiwa wazi. Nilikuwa na njia tano za kutokea, na kwenye kila moja nilinakili mistari ya kufunga kwa mkono. Kwenye ya nne nikapitiwa.

Kwanza nilijaribu if, yaani masharti, moja ndani ya nyingine. Zilipofika tano mistari ilikuwa imesogea hadi ukingoni mwa skrini, na mimi niliyeiandika sikujua tena bano gani linafunga nini. Ndipo nikachungulia msimbo wa Linux yenyewe. Goto kibao! Na mwongozo wao wa uandishi unaziruhusu waziwazi kwa kazi hii ya kusafisha kabla ya kutoka. Nikamalizia funksheni hivi; jina la kabla ya nukta mbili ni lebo, mahali goto inaporukia, na kutoka hapo programu inashuka mstari kwa mstari:

funga_soketi: close(s);
funga_faili: fclose(f);
funga_waya: close(w);
return jibu;

Kilichofunguliwa mwisho kinafungwa kwanza. Mara ya kwanza nilizipanga kinyume, ikajaribu kufunga faili ambalo halijafunguka, ikaanguka papo hapo.

Bosi alipokagua hakufika mbali. "Dogo, hii goto umeitoa wapi? Dijkstra, yule mwanasayansi wa kompyuta, si alishaimaliza hii kesi kwa barua yake ya mwaka 1968?"

"Bosi, nipe dakika kumi."

Nikamwambia barua ile nimeisoma, na kwamba hata kile kichwa chake kikali cha kusema goto ina madhara alikiweka mhariri, Niklaus Wirth. Hoja ya Dijkstra mwenyewe ni kwamba ukiruhusu kuruka ovyo, msomaji hawezi tena kusema programu imefika wapi na imepitia wapi. Zangu zinaruka mbele tu, kuelekea mlango mmoja. Ukijikuta kwenye funga_faili, unajua faili na waya viko wazi na soketi haipo.

Akatoa karata nyingine: hitilafu ya Apple ya 2014, ambapo "goto fail" iliandikwa mara mbili chini ya if isiyo na mabano, ukaguzi wa saini ya kuthibitisha seva ukarukwa na jibu likarudi kwamba mambo salama. Nikajitetea kwamba hata return, amri ya kutoka kwenye funksheni, ikirudiwa vile ingeleta balaa. Ni kweli, lakini kimoyomoyo nilijua if zangu zote hazina mabano. Nikaanza kuyaweka palepale, yeye akiwa amesimama nyuma ya kiti.

Akaipitisha kwa sharti moja. Lebo nilikuwa nimeziita toka1, toka2, toka3; akataka kila moja itaje kazi yake. Hayo majina ya juu ni yake.

Wiki tatu baadaye, mtandao ukiwa umekatika usiku kucha, nikaingia tena kwenye fd. Vilikuwemo vitatu tu: 0, 1 na 2, vile ambavyo kwa kawaida programu huanza navyo.