Nimebonyeza kengele, samaki apite

Jana usiku nimekaa naangalia maji. Maji tu, ya kijani, yana tope, kwenye skrini ya simu, dakika kama 40 hivi, na simu haikuwa imeganda wala mimi sikuwa nimepitiwa na usingizi. Nilikuwa namsubiri samaki.

Ngoja nieleze vizuri, maana mdogo wangu nilipomrushia linki alijibu kwa voisi, "Dada, mbona hamna kitu humu?" na ana haki, nilimtumia linki kavu bila stori yake. Stori ndo hii. Pale Utrecht, Uholanzi, kuna mfereji unaopita mjini na kwenye huo mfereji kuna mlango wa maji unaitwa Weerdsluis, ile milango mikubwa inayofunguliwa na kufungwa ili boti zipite. Sasa ikifika majira ya kuchipua samaki wanapanda na mfereji kutafuta sehemu ya kutagia mayai, wanafika pale wanakuta mlango umefungwa, kwa sababu msimu huo boti ni chache na hakuna wa kuufungua. Wanarundikana hapo. Na ndege pamoja na samaki wakubwa washajua kwamba chakula kimepanga foleni, wanakuja kujilia kiulaini.

Basi mwaka 2021 wakaweka kamera chini ya maji, picha inaenda laivu kwenye tovuti, na kwenye hiyo tovuti kuna kitufe cha kengele. Wewe popote ulipo duniani ukimuona samaki unabonyeza. Ukibonyeza picha inapigwa inatumwa kwa wahusika, wakiona samaki wamekuwa wengi mlinzi wa mlango anafungua, samaki wanapita wanaendelea na safari yao. Wanaita Visdeurbel, yaani kengele ya samaki. Kila mwaka msimu ukifika watu kutoka kila kona ya dunia wanakaa macho wanamfungulia mlango samaki ambaye hawatakutana naye maishani, na mimi tangu nimeijua hii kitu nimekuwa mmoja wao na sioni aibu kabisa kusema kwamba nilifurahi kama mtoto.

Maana ukikaa pale muda mrefu huoni kitu, unaona vumbi la majini linapita mbele ya kamera, mara jani moja linaelea, mara vipovu. Macho yanazoea ule ukijani mpaka unaanza kuona vitu ambavyo havipo. Halafu kikaja kivuli. Kikaja taratibu kutoka kushoto, kikasimama, nikaona pezi linapepea kidogo kidogo kama mtu anayejipepea na karatasi, halafu akageuka nikaona jicho, duara, jeusi, linatazama kamera. Nikabonyeza. Akakaa kama sekunde 10 hivi akarudi gizani. Hata sikujua ni aina gani, wanasema hapo wanapita mpaka mikunga, ila huyu alikuwa mnene mwenye mistari mgongoni. Nikamtumia mdogo wangu tena, safari hii na stori nzima, saa hiyo hiyo.

Mimi nina kawaida ya kukusanya vitu hivi. Kwenye simu nina folda nimeiita "ona hii", nikikuta kitu cha kuchekesha au cha ajabu nakisevu humo. Sasa wikiendi nimekaa naisafisha nikagundua kitu. Zile klipu za mbuzi anaanguka, paka anagongana na kioo, mtu anateleza, nilizicheka sana siku ile ila leo nazifuta moja moja na sikumbuki hata nani alinitumia. Zilizobaki, zile ambazo kidole kimekataa kabisa kufuta, karibu zote zinafanana: kuna mtu mahali fulani amekipenda kitu kidogo sana, akakaa nacho muda mrefu, halafu akafungua dirisha ili na sisi wengine tuchungulie.

Bibi yao hawa wote ni birika la kahawa. Hii wengi mtakuwa mmeisikia juu juu. Chuo Kikuu cha Cambridge, Uingereza, idara ya kompyuta, kulikuwa na mashine moja ya kahawa kwenye korido, nje kidogo ya chumba walichokiita Trojan Room. Waliokaa vyumba vingine walikuwa wanapanda na kushuka ngazi na vikombe mkononi wanakuta birika tupu. Wataalamu wa kompyuta hao jamani. Mwaka 1991 wakaelekeza kamera kwenye birika, wakaandika programu ndogo, kila mtu akawa analiona kwenye kona ya skrini yake, picha nyeusi na nyeupe ya ukubwa wa pikseli 128 kwa 128, ukiona kahawa imo unatoka mbio. Mwaka 1993 picha ikawekwa kwenye wavuti ambayo enzi hizo ilikuwa changa kabisa, na watu wasio na uhusiano wowote na Cambridge wakaanza kuingia kuangalia kama kahawa ipo. Ndo kamera ya kwanza ya wavuti hiyo, simu zote za video tunazopiga leo zina ukoo na birika. Waliizima tarehe 22 Agosti 2001, na lile birika lilikuwa halifanyi kazi tena ila likapigwa mnada, likanunuliwa kwa pauni 3,350 na tovuti ya jarida la Der Spiegel la Ujerumani. Kuna picha ya mwisho iliyopigwa na ile kamera, unaona vidole vya watu vinabonyeza kuzima mtambo. Hiyo siifuti mpaka nakufa.

Halafu kuna balbu. Livermore, California, kwenye kituo cha zimamoto, kuna balbu inawaka tangu 1901. Sijakosea kuandika, 1901. Imetengenezwa kwa mkono na kampuni ya Shelby, waya wake wa ndani ni wa kaboni, inawaka kwa mwanga hafifu wa rangi ya chungwa, umeme inaokula ni kama wati 4 tu. Mwaka 1976 walipohama jengo waliogopa kuifungua isije ikavunjika, wakakata waya wakaibeba nzima nzima kwa msafara wa magari ya zimamoto, ikawa imezimika kama dakika 22. Nayo ina kamera yake inayoitazama muda wote, na kamera zimeshakufa zikabadilishwa, balbu bado ipo! Mwezi Mei 2013 waliokuwa wanaiangalia kwenye kamera waliona giza, kila mtu akajua basi, mwisho umefika, kumbe kilichokufa ni kile kifaa cha kutunza umeme, walipokikwepa na kuunga moja kwa moja balbu ikawaka tena, baada ya zaidi ya masaa 9. Nawaza wale waliokesha siku hiyo wakitazama skrini nyeusi. Ningekuwa nao ningelia.

Ila kama ni kulia, nilie kwa ajili ya profesa wa lami.

Chuo Kikuu cha Queensland, Australia, mwaka 1927 profesa Thomas Parnell alitaka kuwaonyesha wanafunzi kwamba kitu kinaweza kuonekana kigumu kumbe ni kimiminika. Akachukua lami nyeusi, ile ambayo ukiipiga nyundo inapasuka vipande kama kioo, akaiyeyusha akaimimina kwenye faneli ya kioo iliyozibwa, akaiacha itulie miaka 3, mwaka 1930 akakata ncha ya faneli. Lami ikaanza kudondoka. Tone moja linachukua miaka 8, mengine miaka zaidi ya 12. Toka siku hiyo mpaka lilipoachia lile la mwaka 2014 yameshuka matone 9 tu.

Profesa John Mainstone aliichukua hiyo kazi mwaka 1961 na akaitunza zaidi ya miaka 50. Sasa sikiliza. Mwaka 1979 tone lilidondoka wikiendi, hayupo. Mwaka 1988 chombo kilikuwa kimewekwa kwenye maonyesho watu wakione, yeye yupo pale pale, akatoka dakika chache kutafuta kinywaji, akarudi, limeshadondoka. Mwaka 2000 wakasema sasa basi, wakaweka kamera, tone likadondoka na kamera ilikuwa imeharibika. Akafariki Agosti 2013 hajawahi kuliona hata tone moja likiachia, na tone la 9 likashuka Aprili 2014. Miezi 8 hiyo. Mwezi mmoja kabla hajafariki, Julai 2013, jaribio kama lake la Chuo cha Trinity, Dublin, lilifanikiwa kunasa tone lao kwenye video, kwa hiyo walau dunia ililiona. Yeye na Parnell walipewa tuzo ya Ig Nobel mwaka 2005, zile tuzo za tafiti ambazo kwanza zinakuchekesha halafu zinakufikirisha, na mimi kila nikimsimulia mtu huyu mzee watu wanaanza kwa kucheka kweli, wakifika kwenye kinywaji wanacheka zaidi, wakifika 2013 kimya. Ukitaka kumpa mtu kitu kimoja tu cha kumtoa kwenye kuperuzi hovyo, mpe hii. Hata sasa hivi kamera ipo laivu, tone la 10 linaning'inia, tunasubiri.

Nyingine haina kamera ila ni ya ukoo huo huo. Mwaka 2013 huko Melbourne, Australia, halmashauri ya jiji iliipa kila mti namba na anwani ya barua pepe, lengo likiwa mtu akiona tawi limevunjika au mti unaumwa aripoti. Watu wakaanza kuiandikia miti yenyewe. Barua za mapenzi! Wanausifia mti majani yake, wanauambia leo nimepita hapo nimekuona umependeza, wanaupa habari za mitihani. Na baadhi ya miti ikajibu, yaani wafanyakazi wa jiji waliokuwa wanapokea zile barua wakakaa wakajibu kwa sauti ya mti. Kuna mti mmoja jamii ya mkaratusi uliulizwa kama ni wa kike au wa kiume ukajibu kwa upole kwamba maua yake yana vyote viwili. Nampenda sana mtu aliyejibu hiyo barua. Alikuwa ofisini, ana kazi zake, ripoti za matawi yaliyovunjika zinamsubiri, na akaona hili swali linastahili jibu la kweli la kibotania.

Sasa niseme na hili maana linanikera kweli. Vitu vitamu hivi ndo vinavyotengenezewa uongo kwa urahisi. Machi 2020, dunia imejifungia ndani, ilizunguka ile habari ya pomboo wamerudi kwenye mifereji ya Venice kwa sababu watu wametulia. Niliisambaza kwenye magrupu 4 ya WhatsApp kwa moyo mweupe kabisa. Kumbe wale pomboo walipigiwa video Sardinia, bandarini, mbali na Venice, na wale bata maji wakubwa weupe waliokuwa wanasambazwa pamoja nao ni wakazi wa kawaida wa kisiwa cha Burano, wapo tu siku zote. Nilirudi grupu moja moja nikaandika ile haikuwa kweli. Shangazi yangu akanijibu, "Mwanangu, mbona ulituharibia, ilikuwa nzuri." Nikamwelewa kabisa, siku zile kila mtu alikuwa anatafuta kitu cha kushikilia. Ila tangu hapo kabla sijarusha kitu natafuta kwanza kimetoka wapi, nani alikipiga, lini, na kama kamera yenyewe ipo naenda kuiangalia kwa macho yangu. Inachukua dakika chache tu na mara nyingi huko kwenye kutafuta ndo unakuta stori tamu kuliko ile uliyotumiwa, ile habari ya balbu kuzimika 2013 niliipata hivyo hivyo, nilikuwa nahakikisha tu kama kweli ni ya 1901.

Na tafadhali, mkituma tumeni na stori. Linki peke yake ni kama kumpa mtu ufunguo bila kumwonyesha mlango, atauweka mezani usahaulike. Andika hata mistari miwili, kwa nini umesimama hapo, kitu gani kimekugusa, aangalie wapi. Shangazi nimemtumia ile ya miti na maelezo marefu kama barua, amenijibu anaomba anwani ya mti wa Melbourne, anataka kuuandikia. Bado namtafutia.

Nilikuwa namalizia kuandika hapa simu ikalia, ni mdogo wangu yule wa "mbona hamna kitu humu". Ametuma skrinishoti. Maji ya kijani, tope, na katikati kabisa samaki wawili wamebanana kama watu kwenye korido. Chini kaandika, "Dada wapo wawili nimebonyeza, sasa anafungua saa ngapi huyo mlinzi??"

Nimefungua tovuti tena. Tupo wote wawili tunasubiri.