Siku moja na gesi ya moto kando ya shimo jeusi

Saa 11 alfajiri, Kimara. Kompyuta mpakato niliiacha ikikokotoa usiku kucha, ikitafuta mwanga wa haidrojeni ya moto katika galaksi ya mbali. Kazi imekwisha, na katikati ya mchoro kuna kilele kirefu, kimesimama kama mnazi. Nimeswali huku moyo unanidunda.

Saa 1 asubuhi nimo kwenye mwendokasi hadi Ubungo, nimesimama, mkoba kifuani. Kutoka hapo bajaji.

Saa 2:30, chuoni Mlimani. Galaksi ninayoisoma ni NGC 1068, umbali wa miaka nuru milioni 47. Kitovuni mwake limo shimo jeusi lenye uzito wa majua mamilioni, limejificha nyuma ya gesi na vumbi. Darubini sina. Data nazipakua kutoka hifadhi ya wazi ya darubini za Paranal, Chile: picha ambayo kila nukta imebeba spektra yake, yaani mwanga uliochambuliwa kwa urefu wa mawimbi yake.

Saa 4 msimamizi wangu akaja, akakitazama kilele changu, akaniuliza swali moja tu: "Kwenye kona za picha kipo?"

Nikafungua kona ya juu kushoto, mahali pasipo na galaksi. Kipo. Kona ya chini, kipo vilevile. Basi haikuwa galaksi. Ni mwanga wa hidroksili, yaani oksijeni iliyoshikana na haidrojeni, kwenye anga letu wenyewe, na mimi sikuuondoa sawasawa. Niliumia. Wiki mbili zangu zimo humo.

Saa 7 mchana, kwa mama ntilie.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Mbona umenyong'onyea? Nyota zimekataa?"

Nikamwonyesha jiko lake. Mkaa usiowashwa, ukiuweka gizani, huuoni, ingawa upo. Haidrojeni ndiyo hivyo. Molekuli yake ikiwa baridi haitoi mwanga wa kushika, ndiyo maana wengi huitafuta gesi baridi kupitia kaboni monoksaidi. Ila ikichemka kufikia nyuzi kama 2,000, kwa eksirei au kwa mawimbi ya mshtuko, hung'aa kwa infraredi, mwanga usioonekana kwa macho, kwenye urefu wa wimbi wa maikromita 2.12. Ikizidi sana kupata moto, molekuli huvunjika. Kwa hiyo ule mwanga unatuonyesha gesi iliyo jirani na shimo na bado nzima, kwa sababu vumbi limeikinga. Jambo hili hunisisimua kila ninapolisema. Mama akageuza samaki, akauliza, "Sasa hiyo gesi inaingia shimoni au inatoka?"

Ndilo swali lenyewe! Mwaka 2009 watafiti walionyesha ndimi za gesi hii zikielekea kitovuni. Mwaka 2019 ALMA, zile antena 66 za jangwa la Atacama, zikaonyesha kuwa gesi ya ndani inazunguka kinyume na ya nje.

Saa 8 hadi 11 jioni nilirudia kuondoa mwanga wa anga, nukta kwa nukta. Safari hii nikatafuta karibu na 2.13, kwa kuwa galaksi inatukimbia kwa zaidi ya kilomita 1,100 kwa sekunde na mwendo huo huusogeza mwanga wake kwenye mawimbi marefu zaidi.

Saa 1 usiku umeme ukakatika, betri nayo ikaisha.

Saa 4 ukarudi. Nikafungua ramani: kona zote nyeusi, kitovuni kuna tao linalong'aa na ulimi mmoja mwembamba. Nikamtumia msimamizi. Akajibu papo hapo: "Sasa pima kasi."