Nilivyolinganisha maziwa ya juu ya barafu ya Greenland, 2018 na 2019

Greenland sijafika. Picha za setilaiti za Sentinel-2 hutolewa bure, na pikseli ya mita 10 inatosha kuona hata ziwa dogo. Nilichagua magharibi, kusini mwa mji wa Ilulissat, ambako kila majira ya joto maji ya barafu iliyoyeyuka hujikusanya juu ya barafu yenyewe na kufanya maziwa ya buluu. Nilitaka 2018, mwaka wa baridi, na 2019, ambao ngao nzima ya barafu ilipoteza takriban tani bilioni 530.

Kuyatambua maji si kazi ngumu, kwa kuwa yanameza mwanga mwekundu kuliko wa buluu. Unatoa nyekundu katika buluu, unagawanya kwa jumla ya zote mbili, na pikseli inayozidi 0.25 unaihesabu maji. Vivuli vya mawingu niliviondoa kwa mkono, kimoja kimoja. Macho yaliuma.

Ugumu uko kwenye tarehe. Ukilinganisha Julai 25 ya mwaka huu na Julai 25 ya mwaka ule, utapotoka, maana mwaka wa joto maziwa ya mwinuko wa chini huwahi kujaa na huwahi pia kupasua barafu na kumwagika. Mwaka 2006 ziwa moja la ukanda huohuo lilimwaga mita za ujazo milioni 44 kupitia barafu yenye unene wa karibu kilomita moja, kwa muda usiofika saa mbili! Picha ya kesho yake ingeonyesha bonde kavu, nawe ungeandika kwamba joto lilikuwa haba. Ndiyo maana kwa kila bonde nilichukua eneo kubwa kabisa lililofikiwa na maji msimu mzima, kisha nikayapanga mabonde kwa mwinuko kutoka ArcticDEM, ramani za mwinuko wa nchi za Aktiki.

Huko chini miaka hiyo miwili haikupishana sana. Mabonde ni yaleyale, yakifuata umbo la mwamba ulio chini ya barafu. Tofauti iko juu. Mwaka 2018 theluji ilikuwa nyingi na ilinyonya maji kama sifongo. Mwaka 2019 theluji ya majira ya baridi ilikuwa chache, barafu tupu ikafichuka mapema, nayo hunyonya jua kuliko theluji nyeupe. Maziwa yakapanda mwinuko.

Rojo ya theluji na maji, ambayo mara nyingi haifiki 0.25, niliichora peke yake. Kuichanganya na maziwa kungeharibu hesabu ya miaka yote miwili.