Kujisikia Vizuri Si Kipimo

Wengi wetu tumezoea kwenda hospitali pale tu tunapougua, na kwa homa au jeraha mazoea hayo hayana ubaya mkubwa, maana mwili wenyewe hutoa taarifa. Magonjwa sugu hayana tabia hiyo. Shinikizo la damu huweza kukaa juu kwa miaka mingi bila mtu kuumwa hata kichwa, huku mishipa ikikakamaa, moyo ukitanuka kwa kazi ya ziada na figo zikipoteza uwezo wa kuchuja kidogo kidogo. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba karibu nusu ya watu wazima wenye shinikizo la juu hawajui kuwa wanalo. Ndiyo maana husikitika nimsikiapo mtu akisema hana presha kwa sababu tu anajisikia vizuri.

Kupima kwenyewe kunahitaji utulivu. Mtu anatakiwa aketi kimya kwa dakika tano, mgongo ukiwa umeegemea kiti, miguu yote miwili ikikanyaga sakafu bila kupishana, na mkono ukilazwa juu ya meza usawa wa moyo, mkanda wa mashine ukifungwa kwenye ngozi wala si juu ya nguo. Anayepimwa akiwa ndio kwanza ameingia akihema, au huku akizungumza na mhudumu, huenda akasomewa namba ya kumtia hofu bure. Kwa kawaida daktari hurudia vipimo siku tofauti, na vikiendelea kuonyesha 140/90 au zaidi (namba ya kwanza ni msukumo wa damu moyo unapopiga, ya pili ni unapopumzika kati ya mapigo) ndipo hutamka kwamba ni ugonjwa.

Kuhusu kuushughulisha mwili, ushahidi unaonivutia zaidi ni wa zamani. Mwaka 1953 daktari Jeremy Morris na wenzake walichapisha uchunguzi wa wafanyakazi wa mabasi ya London, wakaonyesha kwamba makondakta, waliopanda na kushuka ngazi za mabasi ya ghorofa kutwa nzima, walipatwa na ugonjwa wa moyo kwa uchache kuliko madereva waliokaa kwenye usukani. Ngazi zile zilikuwa sehemu ya kazi, na kwa maoni yangu mwendo uliomo ndani ya shughuli za kila siku hudumu kuliko maazimio ya mwaka mpya.

Msuli unapofanya kazi huvuta sukari kutoka kwenye damu hata bila kuitegemea insulini, homoni inayoiingiza sukari kwenye seli, na hapo ndipo faida kwa kisukari inapoanzia. Katika utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2002, watu zaidi ya 3,000 ambao sukari yao ilikuwa imeanza kupanda walifuatiliwa. Waliorekebisha ulaji, wakapunguza uzito na kufanya mazoezi ya dakika 150 kwa wiki walipunguza uwezekano wa kuugua kwa asilimia 58, ilhali metformini, dawa ya kisukari, iliupunguza kwa asilimia 31. (Aliyekwisha kuandikiwa dawa asiziache kwa kusoma hili, azungumze na daktari wake.)

Chumvi isizidi kijiko kimoja cha chai kwa siku, ikihesabiwa na ile iliyomo kwenye vyakula vya viwandani, na ulimi huzoea upungufu huo baada ya wiki kadhaa. Tumbaku haina kiwango salama. Hata hivyo, anayeiacha leo, ndani ya mwaka mmoja hatari yake ya ugonjwa wa moyo hushuka hadi takriban nusu ya ile ya anayeendelea kuvuta, hata kama amevuta kwa miaka mingi.