Incarnadine: Rangi ya Mwili Iliyogeuka Kuwa ya Damu

Miongoni mwa vivumishi vya Kiingereza ambavyo ni nadra kuvisikia vikitamkwa, ninachokipenda kuliko vyote ni incarnadine. Kiliingia katika lugha hiyo mwishoni mwa karne ya 16 kupitia Kifaransa, nacho Kifaransa kilikipata kutoka Kiitaliano, na mzizi wake wa mbali ni neno la Kilatini lenye maana ya nyama. Hapo mwanzo kilitaja rangi ya waridi iliyofifia, ile ya ngozi nyeupe, wala hakikuwa na lolote la kutisha.

Aliyekigeuza ni Shakespeare. Katika tamthilia ya Macbeth, muuaji anaitazama mikono yake baada ya kumwua mfalme Duncan kwa jambia, anajiuliza kama bahari yote inaweza kuitakasa, kisha anajijibu kwamba ni mikono hiyo itakayoifanya bahari ya kijani kuwa nyekundu. Hapo kivumishi kimetumika kama kitenzi, tena kikafuatwa mara moja na maneno mafupi ya kila siku yanayokifafanua, ufundi ambao kwa maoni yangu haujapata mpinzani, kwa kuwa hata msikilizaji asiyelijua neno hilo anaielewa hofu yake papo hapo.

Tangu hapo damu haikubanduka tena, na kamusi za leo hutoa maana zote mbili. Hata hivyo, upole wa zamani haukufa: mwaka 1859 mshairi Mwingereza Edward FitzGerald, akizitafsiri rubai (mashairi ya mishororo minne) za Omar Khayyam, mshairi wa kale wa Uajemi, alilitumia neno hilohilo kwa shavu la waridi la manjano ambalo ndege anatamani liwe jekundu.