Kwenye simu, bosi hana "san"

Kijapani changu cha kwanza nilifundishwa na lori. Nadhani hata wewe unayesoma umefundishwa hicho hicho, hukujua tu kwamba upo darasani. Fuso au Isuzu likirudi nyuma kwenye mitaa ya Ngamiani, Tanga, limeleta saruji au magunia ya unga, kuna mwanamke ndani yake anasema bila kuchoka: "Bakku shimasu. Go-chūi kudasai." Narudi nyuma, tafadhali muwe waangalifu. Panda gari dogo lililoshushwa kutoka Japani, dereva akiwasha tu, mwanamke mwingine anatoa taarifa: "ETC kādo ga sōnyū sarete imasen." Anasema kadi haijachomekwa, ile ya barabara za kulipia za kwao. Yuko Chumbageni, anaulizia kadi ya barabara za Japani. Tunamsikia miaka nenda miaka rudi na hakuna anayemjibu.

Kwa hiyo nilipopata kazi ya kutunza stoo kwenye mradi wenye mainjinia wa Kijapani, hapa hapa Tanga, nilidhani naanza sifuri, kumbe sikio lilikuwa limeshazoea. Na yule mwanamke wa kwenye lori nimekuja kujua ana adabu zake kamili. Angekuwa anaongea na mdogo wake angesema "bakku suru" ikatosha. Anasema "shimasu" kwa kuwa haongei na watu wa kwao, na kwenye "chūi" ametanguliza "go" ya heshima. Lori la mchanga lina lugha nzuri kuliko makonda wengi ninaowajua.

Matamshi hayatusumbui. Irabu zao ni tano kama zetu, na silabi karibu zote zinaishia na irabu. La kuangalia ni urefu: "obasan" ni shangazi, au mama wa makamo tu wa mtaani, lakini ukivuta ikawa "obāsan" umeshamwita bibi, na si kila mama wa makamo atacheka. Mitego ya upande wetu nayo ipo. Mmoja wa mainjinia kwao ni mkoa wa Kumamoto. Siku ya kujitambulisha alisimama mbele ya mafundi wa zamu nzima akalitaja jina la mkoa wake polepole, silabi moja moja, ili tulishike vizuri. Mafundi wa Tanga ni watu wa adabu, walitazama chini. Mzee mmoja akashikwa na kikohozi kisichokatika. Baadaye nikamnong'oneza mkalimani, mkalimani akamweleza mwenyewe, na tangu hapo anasema ametoka Kyushu, kile kisiwa kikubwa cha kusini. Maskini, sehemu ile ya mwanzo kwa kwao ni dubu tu.

Kilichonifundisha zaidi ni stoo yenyewe. Majina ya vifaa mengi wao na sisi tumeyaokota kwa Waingereza, kila mtu akayatengeneza kwa mdomo wake: spana ni "supana", bolti "boruto", nati "natto", breki "burēki", enjini "enjin". Fundi anayeomba "herumetto" huhitaji mkalimani kumpa helmeti. Mengine ni yao peke yao. Toroli la kubebea zege wajenzi wao huliita "neko", yaani paka, na kila niliyemuuliza sababu alinipa hadithi yake.

Ila kuhesabu! Hapo ndipo watu wanapokunja madaftari. Ukijua "ichi, ni, san", yaani moja, mbili, tatu, hujajua kitu bado, kwa sababu idadi lazima ivalishwe kiambishi kulingana na umbo la kinachohesabiwa. Kirefu chembamba, kama msumari, nondo, bomba, hata chupa ya soda, kina "hon", na sauti yenyewe inabadilika njiani: ippon, nihon, sanbon. Kilicho bapa, kama bati, plaiwudi, karatasi au shati, ni "mai": ichimai, nimai. Mashine na magari ni "dai". Vidogo vya kawaida ni "ko", na hapo nilicheka peke yangu stoo, maana "niko" ni viwili. Injinia akiuliza filta zimebaki ngapi, nikamjibu "niko", Mswahili aliye jirani anasubiri nimalizie niko wapi. Watu nao wana yao: hitori, futari, halafu kuanzia watatu ni "nin": sannin.

Wenzangu walilalamika sana. Mimi nikawauliza, ninyi mnaosema msumari mmoja, bati moja, kiti kimoja, bila kuvuta pumzi katikati, mnamlalamikia nani? Tofauti ni kwamba ngeli yetu inakwenda na neno, ya kwao inakwenda na umbo la kitu ulichokishika. Ndiyo maana fundi wetu wa nondo, ambaye sekondari hakuigusa, alizishika kabla ya vijana wenye digrii. Yeye nondo na bati anavibeba, hahitaji kuvikumbuka. Namba zenyewe nakushauri jambo moja tu: kwa sauti kubwa au kwa simu, nne sema "yon" na saba sema "nana". Hizo nyingine, "shi" na "shichi", zinamezwa na kelele, "shichi" inasikika kama "ichi", na wewe uliyeagizwa saba unapeleka moja.

Asubuhi tunaanza na mazoezi ya viungo kwa muziki wa piano, ya kipindi kilichoanza kurushwa na redio ya taifa lao mwaka 1928. Mama ntilie wa ng'ambo ya uzio hunyoosha mikono pamoja nasi, mwiko mkononi. Kisha kila kundi linataja hatari za kazi ya siku hiyo, na mwisho wote tunanyoosha kidole na kusema "Yoshi!" Kunyooshea kitu kidole na kukitaja kwa sauti ni desturi waliyoianza madereva wao wa treni, ili macho, mkono na mdomo vifanye kazi pamoja na akili isitangulie nyumbani. Nilikuwa naona ni mchezo. Siku hizi nikifunga mtungi wa gesi jikoni naunyooshea kidole, yoshi, na mume wangu ameacha kuuliza.

Adabu nyingine mtu wa pwani hafundishwi, anakumbushwa. Kuvua viatu tunavua, ila wao huvigeuza vitazame mlangoni. "Shitsurei shimasu" unayosema ukiingia ofisini kwa mtu ni hodi yetu, isipokuwa wanaitumia na kuagia. "Otsukaresama desu" ya jioni ni pole na kazi, na unampa yeyote, wa juu na wa chini. Usiichanganye na "gokurōsama", maana hiyo hutoka kwa mkubwa kwenda kwa mdogo, na karani akimwambia meneja inakuwa kama anampongeza mtoto wake.

Kadi za kujitambulisha ndizo zenye mambo. Unaitoa kwa mikono miwili, maandishi yakimtazama anayepokea. Ukipewa, unaisoma palepale, jina na cheo, huitumbukizi mkobani kama risiti ya sokoni. Kwenye kikao inakaa mezani mbele yako. Huandiki kitu juu yake, na mfuko wa nyuma wa suruali ni mwiko, utaikalia. Tena ukiwa mdogo wa cheo kadi yako unaishusha kidogo chini ya ya mwenzio. Nimewahi kuona wawili, kila mmoja akikataa kuwa mkubwa, wakishushana mpaka karibu na magoti.

Sasa nije kwenye jambo lililonikalisha na daftari usiku, maana hayo yote juu ni mepesi.

Heshima yetu inakwenda na umri. Nikimkuta mfagizi aliyenizidi miaka nampa shikamoo yake, na meneja aliye rika la mdogo wangu wa mwisho atanipa yangu kama kalelewa. Kazini kwa Wajapani umri unahesabika, cheo kinahesabika, nani alitangulia kuajiriwa kinahesabika, lakini juu ya vyote hivyo kuna mstari wa ndani na nje. Kampuni yako ni ndani. Mteja, mzabuni, mtu wa wizarani, hao ni nje. Na unapozungumza na wa nje, wote wa ndani mnashuka pamoja, bosi wenu akiwamo.

Maana yake ni hii. Tuseme bosi anaitwa Tanaka, jina la kawaida kwao kama Juma kwetu. Ofisini, siku nzima, ni Tanaka-san, na hiyo "san" ni heshima inayofuata jina, kama Bwana au Bibi kwetu. Simu ikilia, mzabuni akamuulizia, unajibu: "Tanaka wa tadaima seki o hazushite orimasu." Tanaka kwa sasa hayupo kwenye kiti chake. Tanaka mkavu, bila san, na yeye pengine amesimama mgongoni kwako anakusikia! Mara ya kwanza kufundishwa hili nilihisi ulimi umekuwa mzito. Mimi nimelelewa Tanga, hata jirani simtaji bila Mama Fulani au Mzee Fulani, leo nimtaje mkuu wa mradi jina tupu mbele ya mtu baki?

Na vitenzi navyo vinahama. Kula ni "taberu", lakini mgeni akila ni "meshiagaru", na mimi au bosi wangu tukila mbele ya mgeni ni "itadaku". Kusema ni "iu". Akisema mteja ni "ossharu", tukisema sisi ni "mōsu". Kuja ni "kuru". Wao "irassharu", sisi "mairu". Kwa hiyo kabla hujafungua mdomo lazima ujue kwanza huyo anayekula au kusema ni wa upande gani. Bosi yule yule asubuhi anapandishwa na saa nne anashushwa, inategemea umemshika nani kwenye simu. Akipiga mke wake, san inarudi palepale, maana kwa mkewe yeye si wa kwetu tena, ni wa kwao. Nikishaelewa hapo nikakubali kwamba huu si utovu wa adabu, ni hesabu, na inafungika vizuri kuliko yetu. Wewe mwenyewe jina lako huliwekei san hata siku moja. Fikiria sasa watu wetu wanaojitambulisha "naitwa Injinia fulani"!

Kwenye gari ni hesabu nyingine. Kwetu ukimpa mzee lifti unamweka mbele. Alikuja mgeni mkubwa kutoka Tokyo, dereva wetu, mtu wa Pangani mwenye malezi, akamfungulia mlango wa mbele kwa tabasamu. Mgeni akakaa bila neno. Aliyeumia ni kijana wake, aliyebakiwa na kiti cha nyuma ya dereva. Kwa kwao gari lenye dereva, hicho ndicho kiti cha mkubwa, na mbele hukaa wa chini kabisa, wa kulipa na kuelekeza njia. Kijana alikaa ukingoni mwa kiti safari nzima. Gari likiendeshwa na mwenyewe, basi mbele ndiko kwenye heshima. Dereva wetu alipoelezwa alisema Wajapani wangeandika tu majina kwenye viti.

Kuhusu habari mbaya sina hakika nani yuko sawa. Wao wana mambo matatu wanayoyafunga pamoja: kutoa ripoti, kupashana habari, na kuomba ushauri. Kifupi chake ni "hō-ren-sō", kinasikika kama jina la mchicha wao. Ripoti inaanza na hitimisho. Bolti zimepungua, unasema zimepungua, halafu ndipo sababu. Sisi tunaanza na hali yako, na ya nyumbani, na mvua, mpaka habari mbaya inafika imeshakuwa laini. Kwenye stoo nawapa wao ushindi. Lakini msinidanganye kwamba wao husema kila kitu waziwazi. "Hai" anayokuitikia katikati ya maneno yako ni kukusikia tu, hajakubali kitu. Na kukataa hawakatai. Niliomba feni ya stoo, nikajibiwa "kentō shimasu", tutalitafakari. Nilifurahi, nikapanga mpaka pa kuiweka. Aliyenifungua macho ni mkalimani: nimekwishanyimwa, kwa heshima zote. Mpaka leo najipepea kwa kipande cha katoni.

Basi sentensi za simu nimeziandika kwa herufi kubwa na kuzibandika ukutani juu ya simu ya mezani, na vijana wote wa ofisini sasa wanamtaja bosi jina tupu kwa ufasaha. Aliyekataa ni mzee wetu mlinzi. Simu ya getini hujibu yeye, na nimemweleza ndani na nje kwa mifano yote niliyo nayo. Alinisikiliza vizuri, akanishukuru, na simu iliyofuata akajibu: "Mheshimiwa Tanaka-san ametoka, amekwenda kupata chakula." Nikalipeleka kwa bosi, kwa kuanza na hitimisho kama ninavyotakiwa. Bosi akauliza mzee ana umri gani. Nilipomwambia, akasema mzee aachwe ajibu anavyojibu, na mimi nimtafutie kiti chenye mgongo.