Cheti cha Mama

Mwezi uliopita nilimsindikiza mama kwenye zahanati ya kijijini kwetu, huku Pwani ya Kenya, kuchukua dawa zake za presha. Muuguzi alikuwa peke yake zamu, na foleni ya akina mama walioleta watoto kuchanjwa ilikuwa imefika mwembeni. Alimpima mama, akaandika, kisha akatufungulia kabati tujionee wenyewe: makopo mawili ya panadol, basi. Kwenye cheti, mbele ya kila dawa, aliandika "hakuna".

Simlaumu muuguzi yule hata kidogo. Tangu 2013 huduma za afya, isipokuwa sera na hospitali za rufaa za kitaifa, ziko mikononi mwa kaunti 47, na mwaka huohuo ada zilifutwa katika zahanati na vituo vya afya, hatua ninayoiunga mkono mpaka leo kwa sababu nimeona watu wakiugulia nyumbani kwa kukosa ada hizo. Lakini zahanati isiyotoza ada haina tegemeo jingine ila serikali. Mgawo wa kaunti unapochelewa kutoka Nairobi, kaunti hushindwa kulipa deni lake kwa KEMSA, shirika la umma linalosambaza dawa, na KEMSA nayo isipolipwa haina cha kununulia dawa nyingine. Anayeumia ni mgonjwa.

Oktoba 2024 SHA, mamlaka mpya ya bima ya afya ya umma, ilichukua nafasi ya NHIF, bima ya taifa ya zamani, na wenye mishahara sasa hukatwa asilimia 2.75 ya mshahara kuichangia. Matibabu ya zahanati hulipiwa na Mfuko wa Afya ya Msingi, ambao nao hutegemea bajeti ya serikali. Mama alijisajili mapema. Usajili huo haujampa kidonge hata kimoja.

Sheria ya mwaka 2023 inaviruhusu vituo vya afya vya umma kubaki na mapato yao, kama hayo malipo ya Mfuko, na kuyatumia, badala ya kuyapeleka kwanza kwenye hazina ya kaunti. Ninachotaka ni sheria hiyo itekelezwe hadi ngazi ya zahanati, na ubaoni pabandikwe kila robo mwaka dawa zilizoagizwa, zilizofika, na tarehe zilipofika, ili tujue pa kuuliza.

Hayo nitayasema kwenye kikao kijacho cha maoni ya umma kuhusu bajeti ya kaunti, na cheti cha mama nitakwenda nacho.